Si Mdomo Wako Uliofunga Rakuba

Juba, Jumatatu, jua linaelekea kuzama

Keji, mama,

Habari za chandarua, za kuchemsha maji na za wavulana wa huko Maridi unakokwenda, shangazi yako amekwisha kukuambia. Amezisema mara nyingi hadi mdogo wako Wani anaweza kuziimba, kwa hiyo mimi sizirudii. Baba yako amekwenda kumwangalia yule dereva wa lori asije akajaza magunia mahali pako pa kukaa. Wewe umekwenda kuaga rafiki zako wa kwaya. Mimi nimeketi mlangoni, mwanga bado upo kidogo, na nina hasira. Afadhali nikuambie mapema, usije ukatafuta machozi humu ukayakosa. Machozi nitayatoa kesho penye lori, mbele za watu, kama mama wengine.

Nakuandikia Kiswahili. Kiarabu chako ni kizuri kuliko changu, Kiingereza chako kimenipita siku nyingi, na Kibari chetu hatukuwahi kukiandika, mimi wala wewe. Kiswahili ndicho tulichokulea nacho kule Masindi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake. Ndicho nilichokufundishia kuhesabu. Na ndicho nilichokusemea lile neno ambalo leo nataka kulifuta.

Jana, Jumapili, ndiyo iliyoniwasha. Ulikuwepo, lakini nataka uione kwa macho yangu. Mwalimu mkuu wa shule yako ya msingi, huyo mudir ambaye siku hizi hata mvi zake zinasalimiwa, alifika kwetu baada ya ibada. Akaketi chini ya rakuba yetu, kwenye kivuli cha nguzo na nyasi alichojenga baba yako mwaka tuliorudi kutoka Uganda. Nikampa chai ya tangawizi. Akasifu chai, akasifu kivuli, kisha akamgeukia baba yako kwa sauti ya mtu aliyechimba kisima peke yake.

“Huyu binti ni matunda ya shule yetu,” alisema. “Miaka yote ile hakutusumbua hata siku moja. Mtoto mtulivu kabisa.”

Baba yako akacheka kwa furaha, maana yeye humpenda yeyote anayemsifu mtoto wake. Wewe ukapiga magoti ukamshukuru. Na mimi niliyejua mambo yote nikamwongezea sukari. Mgeni ni mgeni, na mtu aliyeshika kikombe chako humfukuzi. Mtulivu, anasema. Alimuuliza nani jinsi ulivyotulizwa?

Unakumbuka tulivyorudi baada ya amani, na vyungu, na kuku, na ile kalenda ya duka la Mhindi yenye ramani ya Uganda, ambayo baba yako alikataa kuiacha. Kule ulikuwa darasa la tano. Hapa wakakurudisha la pili kwa kuwa hukujua Kiarabu, ukaketi kati ya watoto waliokufika kiunoni. Nikasema sawa, lugha ni kitu cha kujifunza. Madawati hayakuwepo, kila mtoto alibeba kopo lake la kukalia. Hilo pia sikulilalamikia. Vita vilikuwa vimekula kila kitu, na serikali yetu ya Kusini ilikuwa changa kuliko Wani.

Kilichonichoma ni kwamba ulitoka asubuhi na kopo ukarudi mchana na tope. Ustaz, mwalimu wenu wa darasa, yuko wapi? Amekwenda shambani kwake Gurei. Mmefanya nini leo? Tumefyatua matofali ya nyumba yake. Na jana? Tulimchotea mkewe maji. Daftari lako lilimaliza muhula likiwa jeupe kama lilivyotoka dukani, na ukiwauliza wanakwambia elimu ni bure, mama, shukuru.

Ndipo nilipoanza. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la saba kwa masista kule Uganda, nikaomba kazi ya kufundisha hapa. Wakaniambia karatasi za Uganda zitaangaliwa kwanza. Mpaka leo zinaangaliwa. Basi nikachukua ubao wa sanduku la chai, nikaponda makaa ya betri kuukuu za redio ya baba yako, nikayachanganya na majani ya viazi, nikaupaka mpaka ukawa mweusi. Chaki yetu ilikuwa muhogo mkavu. Wani alikuwa akiila kabla somo halijaisha, na mimi namchapa huku nacheka. Kila siku mkitoka shule, mnakula, mnapumzika kidogo, kisha mnaingia chini ya rakuba kusoma kile ambacho shule ingepaswa kuwafundisha asubuhi.

Mama Tabu jirani yetu, ambaye alikuwa Arua wakati sisi tuko Masindi, hakuja kuomba. Alikuja tu na wanawe, binti yake Tabu mbele, akawaketisha kwenye mkeka wetu. “Hawa pia iko na vichwa,” alisema, akaenda zake kuchuma bamia. Basi mkawa wengi, na jioni zetu zikawa nzuri. Sijui kama umewahi kuniona na furaha kama ile. Nilikuwa mtu.

Sasa kosa langu la kwanza, na hili hunichekesha hata nikiwa nimekasirika. Ramani pekee niliyokuwa nayo ni ile ya kalenda. Nikaitundika kwenye nguzo, nikawafundisha kaskazini na kusini, maziwa na mito, Masindi tulikotoka, Gulu, mpaka. Juu ya mpaka karatasi ilikuwa tupu. Pale patupu nikatia nukta kwa wino nikaandika Juba. Sikuona ubaya wowote. Miaka yote ya ukimbizi tulikuwa tukisema nyumbani, nyumbani, kisha tukafika nyumbani nikaanza kuwafundisha watoto nchi ya watu, na kwetu kukawa nukta pembeni. Ni mkimbizi aliyerudi tu anayeweza kukosea hivyo.

Siku moja ustaz, kwa bahati alikuwepo, aliwaambia mchore ramani ya nchi yetu. Wewe ukachora Uganda. Uliichora vizuri, na nukta yako juu. Darasa zima likacheka, likakuita mtoto wa Uganda. Hapo ulikosea, na kosa lilikuwa langu mimi niliyekufundisha. Lakini ustaz naye alikuwa amechora Nile ubaoni, na mishale ya maji ameielekeza kutoka Khartoum kuja Juba. Huenda mkono uliteleza tu, chaki huteleza. Ukainuka, bado unachekwa, ukasema, “Ustaz, maji yanatoka kule Uganda, yanapita hapa kwetu, yanakwenda Khartoum.” Mtoto yeyote wa Juba anaweza kushuka mtoni, akatupa jani, akaona linaelekea wapi. Wewe ulikosea nchi, yeye akakosea mto. Viboko ukala wewe, vya makosa yote mawili.

Kesho yake nikaitwa shuleni. Kilichotokea ofisini hukukiona, kwa sababu uliambiwa ungoje nje penye mtungi wa maji. Mudir alikuwa ameketi, ustaz amesimama nyuma yake. Mudir akaniuliza nani amenipa kibali cha kufungua shule. Akasema nawafundisha watoto wa Sudan kupenda nchi ya wengine na kudharau walimu wao. Akasema sisi watu wa Uganda tumerudi na majivuno, kana kwamba waliobaki walikuwa wamelala. Yeye alifundisha vita vyote, madirisha yakitikisika kwa bunduki. Hilo ni kweli, Keji, na ninaliandika ili usiseme mama yako ana jicho moja. Alifundisha wakati sisi tulikimbia. Lakini kufundisha chini ya risasi hakumpi mtu ruhusa ya kuacha mtoto achapwe kwa sababu ya mto.

Kisha akasema, “Ya mama, hapa si Uganda. Shule iko moja. Chagua rakuba, ama nafasi za watoto wako.”

Nje kulikuwa na wazazi waliosimama tangu alfajiri wakingoja nafasi hizo hizo. Alijua, na alijua kwamba najua. Miaka hii yote nimetunga majibu ya kumpa. Nimeyatunga nikisonga asida, nikifua, nikiwa kanisani wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe. Yapo majibu makali ambayo yangemkausha mate. Lakini siku ile sikusema hata moja. Nilipiga magoti juu ya saruji, na mdogo wenu Jokudu mgongoni, nikasema malesh. Malesh, ya mudir, nisamehe, mtoto hatarudia na mimi sitarudia. Hakuna aliyeniambia nipige magoti, Keji. Yalikunjika yenyewe. Niliomba radhi kwa kuwa mtoto wangu alijua maji yanakwenda wapi.

Mwenye nguvu mpishe, ndivyo nilivyojiambia nikitoka. Nami nilikuwa nimempisha mpaka nikalala chini. Wewe ukanikimbilia, miguu imevimba kwa viboko, ukaniuliza, “Mama, nimefanya nini?” Ile hasira niliyoikosa mle ndani, niliipata pale nje, mbele ya mtoto.

“Mdomo wako, Keji,” nilikwambia. “Mdomo wako ndio umefunga rakuba.”

Hukulia. Afadhali ungelia. Tulifika nyumbani ukaitoa kalenda kwenye nguzo wewe mwenyewe, ukaikunja, ukaiweka chini ya kitanda. Ule ubao nikaufanya mlango wa banda la kuku. Na tangu siku ile hukuinua mkono darasani tena. Wani ndiye aliyeniambia, akaniuliza dada ana nini, nikamwambia ale chakula chake. Kila mwisho wa mwaka ripoti zako zilisema mtulivu, mwenye nidhamu, mtulivu. Baba yako alizisoma kwa sauti mbele ya wageni. Mimi nilikuwa nikiona haya kila ziliposomwa, nikajifanya naangalia chungu.

Najua utasema, lakini mama, tuliendelea kusoma. Ndiyo, tuliendelea. Mlango umefungwa, kwa kunong'ona, kama watu walioiba mbuzi. Hesabu za sehemu tulizifanya kwa kukata kisra, ule mkate wetu mwembamba wa mtama, kugawanya kwa bamia, Kiingereza kwa gazeti lililofungia sukari. Ukafaulu kwa kunong'ona. Wani akafaulu kwa kunong'ona, wewe ukiwa ndiye mwalimu wake zaidi yangu. Hayo ndiyo matunda anayoyasifu mudir akinywa chai yangu. Aliunyima mti maji, tukaumwagilia kwa siri, leo amekuja na kikapu.

Na hata huko kunong'ona kuna ubaya ambao lazima niuseme. Mle ndani mlikuwa ninyi tu. Jioni ile ya kwanza Tabu alikuja akabisha hodi, na mkeka ameukunja kwapani. Nikakuashiria unyamaze. Akabisha tena, akaondoka. Wewe ulinitazama na sikukutazama. Tabu alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko wewe, na wewe mwenyewe ulikuwa ukisema hivyo bila wivu. Aliishia kwenye kujumlisha na kutoa; kugawanya hakukuona, wala kusoma barua hakukufika. Leo anauza karanga pale soko la Konyokonyo, na barua za mumewe aliye Wau anasomewa na watu baki, wanaosoma kwa sauti na kucheka penye maneno ya faragha. Nilimwona wiki iliyopita ameshika moja mkononi, anatafuta mtu wa kumsomea, akanipita mimi jirani yake akamwendea muuza chumvi. Nilistahili.

Kwa hiyo leo asubuhi, ulipokuwa ukifunga sanduku lako, nilikwenda kwa Mama Tabu nikamwambia yote, ofisi na magoti na mlango. Alikuwa anapepeta mtama na hakuacha kupepeta. Nilidhani tutamlaani mudir pamoja, wanawake wawili, niondokewe na mzigo.

“Mimi ilijua zamani,” alisema. “Juba iko ndogo. Mudir mimi hapana kasirikia. Mimi nakasirikia wewe. Watoto yako ulifungia ndani, yangu ikabaki inje. Na wewe ulikuwa jirani.”

Nikaokota mawe kwenye mtama wake mpaka ungo ukaisha. Halafu nikamwambia kwamba Jumamosi hii rakuba inafunguliwa, mchana kweupe, mlango wazi, na Tabu aje yeye mwenyewe na mtoto wake mgongoni. Akaniuliza, je, mudir akija? Nikamjibu kwamba njia anaijua, chai atapewa, ila safari hii nitasema kabla hajaketi. Mama Tabu akasema atakuja kuona kwa macho yake kama nitasema kweli. Hajanisamehe. Anakuja tu kutazama.

Baba yako nimemweleza mchana huu; miaka yote nilimficha mambo ya ofisini. Jumapili alikuwa akicheka na mtu ambaye hakujua amemtendea nini mwanawe, na nilimwonea huruma. Akasema tungoje. Jokudu ataingia darasa la kwanza mwakani, katika shule ile ile, kwa mudir yule yule, na mtoto akinyimwa nafasi tutampeleka wapi? Ana haki ya kuogopa. Mimi pia naogopa, sikufichi. Lakini nilikwisha kungoja mara moja, na aliyelipa ni wewe na Tabu. Nimemwambia kama Jokudu atanyimwa nafasi, nitakwenda kukaa penye ofisi ile kila asubuhi na kopo langu la kukalia, mpaka wachoke kuniona. Baba yako akasema anaamini, na kwamba hilo ndilo linalomtisha.

Sasa nisikilize vizuri, maana kesho kutakuwa na kelele za lori na shangazi yako. Si mdomo wako uliofunga rakuba. Ilifungwa na mtu mzima aliyeona aibu, na mtu mzima mwingine aliyeogopa. Yule aliyeogopa ni mimi. Nilitafuta wa kumtupia, na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Mdomo wako ulisema kweli siku ile, na mimi mama yako nilipaswa kuusifu nikiwa nimesimama.

Nilipokuona Jumapili umepiga magoti, ukimshukuru mtu yule kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuzaa sikuisikia vizuri, nilishtuka. Kumheshimu mkubwa nilikufundisha, na sijutii. Lakini ile haikuwa heshima, Keji. Mimi naijua ilikuwa nini kwa sababu imetoka kwangu. Umekwenda nayo shule ya kati, na kesho unapanda nayo lori kwenda kusomea ualimu. Uliponiambia umechagua ualimu nilikasirika pia, utakumbuka, nikasema watoto wote wa watu wanataka ofisi na wewe unataka matope. Leo sikukatazi. Nataka tu usiende kuwa mtulivu huko. Nimechoka kusikia ukisifiwa kwa ugonjwa niliokuambukiza mimi.

Na utakuwa na fimbo mkononi, wakubwa watakupa. Watakupa na watoto wa kukufyatulia matofali na kukuchotea maji, watakwambia ndivyo inavyofanyika. Utakuwa umechoka, darasa limejaa, joto kali, na siku moja mkono wako utateleza ubaoni kama ulivyoteleza wa yule ustaz. Mtoto mmoja atainuka kukusahihisha. Atakuwa amefundishwa nyumbani na mama yake, nusu sawasawa na nusu makosa, kwa ubao wa kupakwa na chaki ya kuliwa. Wenzake watacheka, na damu itakupanda usoni.

Mwite mama yake siku hiyo hiyo. Atakuja na magoti yake tayari, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuitwa. Mshike mkono kabla hajayapiga, mpe kiti chako, umwulize anamfundishaje mtoto wake, na usimkatize mpaka amalize.

Ni mimi mama yako,
Kiden